Githeri ya Kamukuywa

Kama ungepita mtaa wa Matisi, pale Kitale, Jumamosi yoyote ya miaka ile, ungemwona Wacera kabla hujauona mpira. Angekuwa amesimama kwenye kona ya kiwanja, leso mbili kiunoni, mwiko mkononi, sufuria kubwa ya uji ikifuka moshi nyuma yake juu ya mawe matatu. Lakini macho yake yasingekuwa kwenye uji. Yangekuwa kwa watoto. Nani anachechemea. Nani amekuja bila sweta na mawingu yameshaanza kushuka kutoka upande wa Mlima Elgon. Nani leo hasemi na nani, na kwa nini.

Jina lake kamili lilikuwa Beth Wacera, mke wa Kagwe fundi wa mbao. Wazazi wake walitoka Nyeri wakapata shamba sehemu iitwayo Kwanza, nje ya Kitale, na huko ndiko alikozaliwa. Alisoma mpaka darasa la sita, mama yake akaugua, na mahindi yakawa hayana wa kuyapalilia. Akashika jembe. Tangu hapo hakuwa mtu wa maneno mengi, ila alikuwa mtu wa kuona. Na kila alichokiona kilimtia hofu.

Timu ya watoto ya Matisi haikuwa na mfadhili wa mbali. Ilianzishwa na Festus Mukhwana, karani mstaafu, aliyechoka kuona watoto wa mtaa wakishinda wamekaa juu ya mtaro wakitupia mbwa mawe. Gathii, mwenye kinu cha kusaga unga, alitoa kanta, lori lake dogo la kubebea magunia, siku za safari. Fundi cherehani alishona jezi. Wacera hakuombwa kitu. Alikuja siku moja tu kuangalia kama binti yake, Wangu, hatavunjwa mguu, akaona watoto wanakimbia tangu asubuhi bila kitu tumboni. Jumamosi iliyofuata alifika na sufuria.

"Wewe mama, hii si harusi," Festus alimwambia.

"Harusi watu wanakula mara moja," Wacera akajibu. "Hawa wanakimbia kila wiki."

Basi akawa wa timu.

Mwanzoni timu ilikuwa ya wavulana peke yake, na wasichana walikuwa wakiokota mipira inayotoka nje. Wangu ndiye aliyeanza kusimama golini wakati wavulana wanakunywa uji, na wenzake wakawa wanampigia mashuti. Haukupita muda wakawa wengi wa kutosha timu nzima. Kamati ya timu ilikuna kichwa. Timu ya wasichana icheze na nani? Kitale yote hakukuwa na nyingine ya watoto wa rika lao. Festus, aliyezaliwa Bungoma, akakumbuka kwamba huko kwao, Kanduyi, kulikuwa na wasichana wanaocheza, wakisimamiwa na mama mmoja jasiri, Mama Nasimiyu. Akaongea naye. Wakakubaliana kwamba Agosti ya mwaka huo, elfu mbili na tano, wasichana wa Matisi waende Kanduyi, na Aprili wale wa Kanduyi waje Kitale.

"Wakija Aprili, timu yetu iko," Festus aliwaambia akina mama. "Wasipokuja, tutacheza na nani? Hii kitu itakufa yenyewe."

Wangu alimtazama mama yake, na Wacera akaona lile neno likiingia kwa mtoto kama mwiba.

Kuanzia siku ile alianza kufikiri. Alikumbuka safari ya wavulana ya mwaka uliotangulia, huko huko Kanduyi. Walikaribishwa kwa kuku na ugali wa wimbi, wakala kama watu waliotoka vitani, kisha wakaingia uwanjani. Walifungwa vibaya. Gathii alisimulia jinsi walivyokuwa wamelala kwenye nyasi kama magunia yake, mmoja akiomba mechi iahirishwe mpaka kesho. Watu walicheka. Wacera hakucheka. Alijiambia, wasichana wangu hawataingia kiwanjani na matumbo ya namna hiyo.

Festus alitangulia Kanduyi Ijumaa kwenda kuandaa kiwanja. Angekuwepo, haya yasingetokea.

Jumamosi asubuhi Wacera alipandisha kwenye kanta sufuria ya githeri, mahindi mabichi na maharagwe, viazi kidogo na dania juu, akaifunga kwa shuka isipoe. Walipofika Kamukuywa alimgongea Gathii dirisha.

"Simamisha hapa."

"Kuna nini, Mama Wangu?"

"Watoto wale kidogo. Chakula chepesi. Wakifika huko wataonja tu."

"Hapo umesema," Gathii akasema, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika sahani.

Walikula kando ya soko, jua likiwa zuri, wasichana wakisukumana na kucheka. Mwanamume mmoja mwenye baiskeli iliyojaa ndizi akasimama.

"Mulembe, mama. Hawa ni wa shule gani?"

"Si wa shule. Ni timu ya mpira. Tunaenda Kanduyi, kwa Mama Nasimiyu."

Yule mtu alishusha mguu mmoja chini. "Mama Nasimiyu? Huyo si ni shemeji yangu! Mimi naitwa Wabwile." Akatazama sufuria. Akawatazama watoto wanavyolamba vidole. "Na mnakula hapa?"

"Karibu," Wacera akasema, akampakulia.

Wabwile alikula, akamaliza, akalamba kijiko, akashukuru sana. Kanta ilipokuwa inaondoka Wacera alimwona akitoa simu mfukoni. Yeye aliyezoea kuona kila kitu aliliona na hilo pia, na mara hii moja hakuliogopa.

Kanduyi walipokelewa kwa nyimbo. Boma la Mama Nasimiyu lilikuwa limefagiliwa mpaka mistari ya ufagio ikaonekana kwenye udongo. Majirani walikuwa wamekuja na viti vyao. Mezani palikuwa na mabakuli yaliyofunikwa, na yalipofunuliwa, kuku alikuwa amekaa humo katika vipande vikubwa, paja likijulikana ni paja na kidari kikijulikana ni kidari, na kando yake milima ya ugali. Mama Nasimiyu, mwanamke mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani, alisimama nyuma ya meza, mikono ameikunja.

Wacera aliwaonya wasichana kwa macho. Msijaze. Wakamega kidogo, wakaacha.

"Kula, mtoto," Mama Nasimiyu alimwambia Wangu.

"Asante, mama. Nimeshiba." Alisema kwa heshima, kama alivyofunzwa.

"Umeshiba. Umeshibia wapi?"

Wangu hakuwa amefunzwa kudanganya. "Kamukuywa."

Jirani mmoja alishusha kikombe chake polepole.

"Ahaa," Mama Nasimiyu akasema. "Kamukuywa. Wabwile alinipigia simu, nikamwambia ananitania."

Festus alimshika Wacera mkono, akampeleka nyuma ya ghala la mahindi. Uso ulikuwa umemkunjamana.

"Mlikula njiani?"

"Si wale wavulana mwaka jana walianguka kama..."

"Mama Wangu! Hapa mtu akija kwako ameshiba, anakuambia chakula yako iko na kitu ndani. Umemwambia huyu mama ati yeye ni mtu wa sumu. Mbele ya majirani yake!"

Sumu? Yeye? Wacera alirudi mezani karibu akikimbia, akaketi, akavuta sahani. Lakini Mama Nasimiyu alikuwa ameshaanza kuyafunika mabakuli, moja baada ya jingine, taratibu, bila kugonganisha hata kifuniko. Angefoka ingekuwa nafuu. Ule utaratibu ndio uliomchoma Wacera.

Na kilichozidisha ni kwamba Matisi walishinda. Walikuwa wepesi kama swala. Wangu alidaka hata penalti, iliyopigwa na Nasimiyu, binti wa mwenyeji wao, mwenye mguu wa kushoto mkali. Wacera alipiga makofi, maana mtoto alimtafuta kwa macho baada ya kudaka, na mama hawezi kukosa kupiga makofi. Lakini mikono ilikuwa mizito.

Wakati wa kuondoka waliagwa vizuri, kwa kushikana mikono. Kanta ilipofika barabarani Festus aliinama, akategea sikio chini ya kiti.

"Unasikia?" akamwuliza Wacera.

"Nasikia nini?"

"Hakuna. Ndiyo hiyo. Mwaka jana tulirudi na kuku chini ya kiti, wanapiga kelele mpaka Kitale. Wavulana walifungwa na wakapewa kuku. Mgeni akipendwa haondoki mikono mitupu. Leo umeona kuku?"

Hakuona kuku.

Miezi iliyofuata Wacera aliunguza uji mara kadhaa, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Festus alipiga simu Kanduyi, akarudi na majibu ya adabu yasiyo na kitu ndani. Mama Nasimiyu ana kazi shambani. Mama Nasimiyu atashauriana na wenzake. Wasichana waliendelea kufanya mazoezi, lakini mmoja aliacha, kisha mwingine. Wangu hakuacha. Alikuwa akijipigia mpira ukutani nyuma ya karakana ya baba yake, na kila ulipogonga, Wacera aliusikia kifuani.

"Mama, watakuja?"

"Watakuja."

"Umejuaje?"

Wacera akageukia uji, uliokuwa umeanza tena kuungua.

Mahindi yalipokwisha kuvunwa na Krismasi kupita, Wacera aliamka siku moja, akavaa gauni la kanisani, akamwambia Kagwe anakwenda Bungoma.

"Kufanya nini?"

"Kula."

Kagwe aliacha randa katikati ya ubao. "Kula? Si kuna chakula hapa?"

"Hicho sikitaki."

Kweli hakukigusa. Tangu jana yake mchana hakuwa ametia kitu mdomoni, hata chai. Alijua akibeba mkate au sukari ataonekana amekuja tena na chakula chake, basi akaenda mikono mitupu, ingawa kwao kwenda kwa mtu hivyo ni aibu. Njiani walipopita Kamukuywa aligeuza uso upande mwingine.

Alimkuta Mama Nasimiyu amekaa mbele ya nyumba akichambua maharagwe kwenye ungo.

"Mulembe," Wacera akasema. Alikuwa amejizoeza salamu hiyo ya wenyeji njia nzima.

"Mulembe." Ungo haukusimama. "Umekuja na timu?"

"Peke yangu. Nina njaa, Mama Nasimiyu. Nimekuja kula."

Hapo ungo ukasimama. Mama Nasimiyu alimtazama toka viatu mpaka kilemba.

"Kitale hakuna chakula?"

"Iko. Lakini ile ya hapa ndiyo niliacha."

Mama Nasimiyu aliinuka, akaita watoto wa jirani, na kuku mmoja wa rangi ya kahawia akaanza kufukuzwa boma zima. Wacera alitaka kusaidia akaambiwa akae, mgeni hashiki kuku. Alikaa. Harufu ya kitunguu ilipotoka jikoni kichwa kilimzunguka, na kijasho chembamba kikamtoka. Ilichukua muda, maana kuku wa kienyeji haivi kwa haraka, na ilionekana mpishi naye hakuwa na haraka ya kumsamehe.

Chakula kilipokuja alikula. Alikula paja, akala kidari, akamega ugali wa wimbi na kuuchovya kwenye mchuzi mpaka bakuli likang'aa. Mama Nasimiyu alikaa mkabala naye, akimtazama kila tonge.

"Ongeza."

Akaongeza.

"Ongeza tena."

"Mama Nasimiyu, nitapasuka."

"Pasuka. Utazikwa hapa, tutakuombea."

Wacera akacheka, na kicheko kikatoka na machozi. Ndipo akasema yaliyomkaa moyoni. Kwamba hakudhani mtu yeyote ana sumu. Kwamba wavulana walianguka uwanjani na yeye akaogopa. "Mimi ni mwoga tu. Mtoto akikohoa mara moja, kwa akili nimeshafika hospitali. Nikaogopa matumbo yao, sikufikiria moyo yako."

Mama Nasimiyu aliokota fupa, akalirudisha sahanini. "Huyu Nasimiyu alipoanza mpira," akasema, "nilificha viatu yake juu ya dari. Nikamwambia ni panya. Ati panya amebeba viatu mbili." Akatikisa kichwa. "Akacheza bila viatu, akakatwa na chupa. Nikamrudishia mwenyewe."

Wacera akanawa mikono.

"Mtakuja Aprili?" Wacera akauliza.

"Tutaona."

"Wangu ananiuliza kila siku."

"Nimesema tutaona, Mama Wangu. Si mimi peke yangu. Majirani pia walikuwa hapa."

Alimsindikiza mpaka barabarani, wakaongea habari za mvua na bei ya mbolea. Wacera aliitazama mikono ya mwenyeji wake. Ilikuwa mitupu. Akapanda gari na tumbo lililojaa na moyo ulioning'inia.

Aprili ilifika. Mama Nasimiyu alikuwa amemwambia Festus kwa simu, "Tukipata gari," basi. Festus alikuja mapema kuangalia mapishi, akamkuta Wacera na kisu.

"Unafanya nini?"

"Nakata kuku."

"Hiyo ni kukata sukuma wiki! Mgeni ataona mguu wake wapi? Wacha vipande vikubwa, bana."

Akaviacha vikubwa. Githeri alipika kidogo, ya Kagwe na watoto wa nyumbani, akaificha nyuma ya jiko na kuifunika kwa gunia. Hakutaka hata harufu yake ifike kiwanjani.

Walingoja. Wasichana walivaa jezi, wakazichafua, wakakaa. Jua likapanda, likaanza kuelekea upande wa pili. Mama mmoja akasema ana nguo za kuanua, akaondoka. Mwingine akamfuata. Wangu alikuwa amekaa golini, mgongo kwenye mlingoti, haangalii barabara tena. Wacera ndiye aliyekuwa akiiangalia, na kila vumbi lililotimka lilikuwa la mtu mwingine.

Kisha ikatokea pikapu moja kuukuu, imejaa wasichana nyuma, haina sauti ya wimbo hata kidogo. Ilisimama. Mama Nasimiyu akashuka mbele akiwa amenuna kweli kweli.

"Mama Wangu!" akaita toka mbali. "Tumeharibikiwa na gari Kiminini, tumekaa hapo tangu asubuhi. Na hakuna mtoto ameweka kitu mdomoni! Hata ndizi nimewanyima. Huyu hapa amelia, na huyu ameniambia nitaenda motoni. Chakula iko wapi?"

Wacera akaonyesha kwa mwiko.

Hapakuwa na salamu ndefu. Wasichana wa Kanduyi walikula kama moto wa nyasi, na wa Matisi, kwa kuona wivu, wakala nao. Mama Nasimiyu alimaliza kipande chake, akanawa, kisha akatazama huku na huku.

"Na ile nyingine?"

"Ipi?"

"Ile ya Kamukuywa. Wabwile ameisifu mpaka nikamkasirikia. Kila akija kwangu, githeri, githeri. Usiniambie hukupika."

Wangu alikuwa ameshakimbia nyuma ya jiko. Alirudi amekumbatia sufuria, gunia limemning'inia begani, na Kagwe hakupata chakula siku ile. Mama Nasimiyu alionja kijiko kimoja. Akaonja cha pili. "Sasa hii," akasema, "hata mimi ningesimamisha gari." Akapiga kelele kuelekea pikapu. "Nasimiyu! Leta watu wa Mama Wangu!"

Nasimiyu alikuja na kuku wawili, miguu imefungwa kwa kamba ya katani.

"Hawa ni wa Agosti," Mama Nasimiyu akasema, akimwekea Wacera mikononi. "Ulipokuja peke yako sikukupa, kwa sababu kuku ni ya watoto, na watoto hawakuwepo. Agosti hii mtakuja tena. Na mkipita Kamukuywa, mpite."

"Tutapita macho yamefungwa," Wacera akasema.

Mechi ilichezwa jioni, na sijui kama iliwahi kutokea mechi mbaya kuliko hiyo. Matumbo yalikuwa yamejaa pande zote mbili. Wasichana walitembea. Mpira ulipotoka nje walibishana nani auendee. Festus, aliyekuwa mwamuzi, alipuliza filimbi akiwasihi, "Kimbieni basi, hata kidogo!" na Wangu golini alikuwa anapiga miayo.

Ndipo kuku mmoja, kamba ikiwa imelegea, akachomoka miguuni pa Wacera na kuingia uwanjani. Hapo mbio zikaonekana. Timu zote mbili, Kanduyi na Matisi, jezi zikachanganyika, zikamfuata kutoka goli hadi goli, Nasimiyu mbele, Wangu nyuma yake, mpira umesahaulika katikati. Mama Nasimiyu alikuwa ameshika mbavu kwa kucheka. Wacera alikuwa amesimama kwenye ile kona yake, mwiko juu, akipaza sauti mtaa mzima ukamsikia.

"Polepole! Mmetoka kula! Wangu, mtaanguka! Na msimkanyage kuku ya watu!"